Kimya cha Kaseti ya Kumi na Nne

21 Novemba

Leo Aipili, mwalimu mkuu wetu, amenikabidhi sanduku la kaseti ishirini na mbili na mashine ya kuzisikilizia ambayo nadhani ni rika langu. Kazi yangu ni kusikiliza na kuandika kila neno, ili watoto wa shule wapate kitabu cha maongezi ya wazee. Sauti ni za watu wa hapa hapa. Zilinaswa mwaka 1976 na yule mgeni tuliyemwita Masikio, kwanza kwa sababu alikuwa nayo makubwa, pili kwa sababu hakuwa na kazi nyingine duniani ila kusikiliza tunavyoongea. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Daftari zake ziliungua pamoja na nyumba yake huko kusini, na mwenyewe alishakufa. Zimebaki kaseti.

Aipili anataka niandike pia shajara ya kazi. Nimemwambia nitaandika. Sikumwambia nitaandika nini.

22 Novemba

Kaseti ya kwanza. Masikio anauliza majina ya barafu, mzee anamtajia, Masikio anarudia vibaya, wanacheka wote. Saa nzima hivyo.

24 Novemba

Nimekwama, na kosa ni letu wenyewe. Sisi mtu akikubali huinua nyusi, akikataa hukunja pua, basi, mdomo unabaki kwa ajili ya chai. Masikio anamuuliza mama mmoja kama alizaliwa ng'ambo ya ghuba: kimya. Anauliza kama aliolewa huko: kimya. Mwenyewe amejibu yote barabara, ila kaseti haina macho. Mpaka sasa nina kurasa saba za maswali na nusu ukurasa wa majibu.

Nilimsimulia Baba akacheka hadi akakohoa. Na nani anacheka! Wiki iliyopita alipigiwa simu na kliniki, akaulizwa kama dawa zake zimekwisha, akainua nyusi kwa adabu zake zote mara tatu, huku nesi anapiga kelele za haloo, haloo mpaka akachoka akakata.

"Shangazi," akaniambia, "mwenye kosa ni nesi. Si angekuja aniangalie?"

Ananiita shangazi kwa sababu nilipewa jina la shangazi yake, Uviluq, mwaka aliofariki. Baba ana miaka themanini na mbili na bado ananiogopa kidogo nikimkaripia, kama alivyomwogopa yule wa kwanza.

27 Novemba

Qaunaq, binti yangu, ameshuka na ndege ya leo kutoka hospitali ya kusini, na mtoto wake wa kiume wa wiki mbili. Baba wa mtoto yuko mgodini mpaka Februari. Wamempa mtoto jina la Maniq, bibi wa upande huo aliyefariki kiangazi. Kwetu jina halijali mwanamume wala mwanamke, linatafuta tu mtu wa kukaa. Baba alimpokea, akamnusa shavu, akamtazama sana, kisha akamrudisha kwa mama yake bila kumwita chochote.

29 Novemba

Jua halikutoka. Tutaonana nalo Januari.

3 Desemba

Mtoto huyu halii kama watoto wengine. Analia kama mtu anayemwita mwenzake aliye mbali, ananyamaza kidogo kama anayesikiliza iwapo ameitikiwa, kisha anaanza upya. Ziwa analishika na kuliachia. Qaunaq ana macho mekundu. Nimemwambia ni tumbo tu, litapita.

5 Desemba

Kaseti ya kumi na nne. Sauti ya Mama.

Nilijua iko ndani ya sanduku na nilikuwa naikwepa kwa kufuata namba. Mama yangu, Arnaluk, alifariki miaka tisa iliyopita. Kwenye kaseti ni mdogo kuliko mimi nilivyo sasa, na anaongea haraka, anamtania Masikio kuwa angeshona ngozi kama anavyotamka maneno, wangekufa kwa baridi wote. Nyuma ya sauti yake kuna tupa, kwaru, kwaru. Ni Baba, ananoa kisu cha kukatia theluji. Halafu Masikio, kwa ule ujinga wake wa upole, anauliza jambo ambalo hakuna mtu wa hapa angethubutu kumuuliza.

"Tulugaq alikufa?"

Kimya. Nimehesabu sekunde tisa. Tupa inaendelea. Na ndani ya kimya hicho kuna mchakacho mwembamba, mkavu, kama ngozi iliyokauka inayokunjwa. Kisha Masikio anasema "Haya," na kuuliza sindano inaitwaje.

Nilizima mashine, nikavaa koti, nikaenda nyumbani. Ilikuwa saa sita mchana na giza totoro.

6 Desemba

Niandike, maana atakayesoma huenda hamjui. Tulugaq ni kaka yangu. Machi 1975, akiwa na miaka kumi na tisa, alitaka kwenda ukingo wa barafu kuwinda sili. Baba alitoka nje, akatazama mbingu na bahari, akamwambia barafu ni nzuri, nenda. Upepo ukageuka, barafu ikakatika. Hakuonekana tena, yeye wala sleji yake ya kuvutwa na mbwa.

Marehemu wetu huturudia kwa jina. Mtoto akipewa, tunamwita kwa udugu wa yule aliyeondoka, na maisha yanaendelea. Watu walimsubiri Mama aseme kwamba mwanawe amekufa, ili jina lipate mtoto. Hakusema. Maiti haikuonekana, na kumpa mtoto jina la kijana ambaye pengine yu hai ni kumnyang'anya uhai wake huko aliko. Basi miaka thelathini na tano jina la Tulugaq limepita juu ya vichwa vya watoto wote waliozaliwa hapa bila kutua. Wanawake walimsema Mama kuwa ni mkaidi. Nami nilimsema, tena usoni pake, nikiwa na mimba ya Qaunaq. Alinitazama tu akaendelea kushona.

7 Desemba

Nimerudia mahali pale. Sekunde kumi na mbili.

8 Desemba

Kumi na saba. Nimetumia saa ya ukutani, si vidole. Nimemwita Aipili, akasikiliza, akasema mkanda wa ndani ya mashine umelegea kwa baridi, kwa hiyo inaburuta. Nikamuuliza kwa nini basi sauti ya Mama haiburuti. Akainua mabega akaenda kufundisha hesabu.

Mchakacho nao umekuwa mrefu. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa kuwa anayecheza nyuzi vidoleni, kuzifuma maumbo ya wanyama, kupita kiasi hutembelewa na pepo mwenye nyuzi, na kabla hujamwona utamsikia, sauti yake ni ya ngozi kavu. Mimi ni mtu mzima mwenye mjukuu. Leo nilifunga chumba cha shule bila kuipa mashine mgongo.

10 Desemba

Nesi amempima mtoto. Amepungua. Wakiona hivyo hivyo Alhamisi, ataondoka na ndege yeye na mama yake.

Siasi jirani alikuja na samaki wabichi wa barafu, akakaa sakafuni, akala, akamsikiliza mtoto akilia. Siasi ni mkubwa kwangu kwa miaka ishirini na hana breki mdomoni.

"Jina halijamkaa huyu," akasema. "Kuna mtu anabisha hodi, na nyinyi mmeketi mnakula samaki."

Qaunaq alinitazama. Alipotoka mgeni aliniuliza kwa nini asimpe mtoto jina la mjomba wake. Nikasema si langu kusema, ni la babu. Nikaenda kwa Baba, ambaye alikuwa amesikia kila kitu na kujifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Sikuona akifa," akasema. "Sisemi nisichokiona."

Wazee wote husema hivyo, kaseti zimejaa maneno hayo. Mtu husimulia aliloliona kwa macho yake, na asilolijua huliacha lilivyo. Nimeisifia desturi hii kwa watoto wa shule mara nyingi. Leo niliichukia.

11 Desemba

Mtoto amenyonya mara mbili tu tangu asubuhi.

12 Desemba

Dhoruba ya theluji. Ndege haikuja. Shule imefungwa, nimeivuta mashine nyumbani kwa sleji ya mkono ili isigande.

13 Desemba

Dhoruba. Nyumba ya Siasi ni hatua thelathini kutoka hapa na siioni. Nesi amempigia Qaunaq simu mara nne. Anasema tumnyweshe kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Nusu anatema.

14 Desemba

Leo nitaandika ndefu.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Qaunaq alitaka kusikia sauti ya bibi yake. Nadhani alichoka kusikia upepo na kilio tu. Niliweka kaseti ya kumi na nne, nikasema tutasikiliza mwanzo, utani wa kushona, basi. Baba alikuwa mezani anarekebisha hatamu ya mbwa ambayo haina mbwa tangu mwaka juzi. Mama akaanza kuongea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Baba hakuinua kichwa. Sikuwahi kufika kwenye kitufe kwa wakati. Masikio akauliza swali lake.

Kimya kikaingia, na mtoto akanyamaza.

Alinyamaza mara moja, kama mtu aliyeitikiwa. Macho wazi, ameigeukia mashine. Kulikuwa na tupa na mchakacho na upepo nje, na sisi watatu hatukupumua. Kisha Masikio akasema "Haya," na mtoto akalia kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Qaunaq akarudisha mkanda nyuma bila kuniuliza. Swali, kimya, mtoto kimya. "Haya," kilio. Akarudisha tena. Mara ya tatu nilimwambia aache, hakuacha. Alikuwa amempakata mtoto magotini na mikononi ana uzi wa kano aliokuwa akimchezea tangu asubuhi, akimtengenezea dubu na kunguru wa nyuzi. Kwa hofu vidole vyake vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Ndipo nikasikia mchakacho mara mbili, mmoja kwenye mashine na mwingine hapa chumbani. Ulikuwa ni ule ule. Uzi mkavu wa kano unaposuguana.

Hakuwa mwenye nyuzi. Nilikuwa mimi.

Nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya jiko, kati ya ukuta na pipa la mafuta, miaka tisa, na uzi vidoleni. Jua lilikuwa limesharudi siku nyingi, na jua likirudi nyuzi huwekwa mpaka giza lijalo, kwa hiyo nilikuwa nacheza kwa kujificha. Niliona migongo miwili, wa Masikio na wa Baba aliyeinamia kisu. Mbele yangu uso wa Mama. Masikio aliuliza, na Mama akakitazama kwanza kichwa cha Baba, kwa muda mrefu. Tupa ikaendelea. Ndipo akamtazama Masikio na kuinua nyusi.

Halafu akaniona. Akanikunjia pua.

Nilidhani ananikataza uzi. Nikauficha, na nikalificha na lile lingine nililoliona, vizuri sana hata mimi mwenyewe sikulipata tena mpaka leo saa saba mchana.

Nilikaa pale na ukweli wangu kama mtu aliyeshika chungu cha moto asijue pa kukitua. Mama alijua. Hakuwa mkaidi, hakuwa akimsubiri mtu. Alimweka mwanawe hai miaka ishirini na sita, akasemwa na kijiji kizima na binti yake akiwemo, ili mume wake asiwe yule aliyetazama barafu akasema ni nzuri. Nikisema, nitakuwa nimempa Baba mzigo ule akiwa na miaka themanini na mbili. Nisiposema, kuna mtoto magotini pa binti yangu anayekwisha kama mshumaa. Niliogopa. Nilimwomba Mama moyoni anisamehe, nikasema.

"Baba, siku ile mimi nilimwona Mama."

Mikono yake ikasimama kwenye hatamu. "Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya jiko. Nacheza uzi."

"Jua lilikuwa limesharudi," akasema.

"Ndiyo, Baba. Nilikosa. Lakini niliona. Masikio aliuliza, na Mama aliinua nyusi."

Qaunaq alizima mashine, na mtoto akaendelea kulia kwa ule mwito wake wa mbali. Baba aliitazama mikono yake juu ya meza. Nilidhani nimemuua.

"Shangazi," akasema mwishowe, "kile kisu kilikuwa kikali tangu asubuhi."

Sikumwelewa. Akasema tena, polepole, kama anavyosema na watu wa serikali.

"Nilikuwa nanoa kisu kikali. Nilijua ananiangalia. Ningeinua macho ningemwona, na nikishaona ningelazimika kusema. Basi nikanoa. Nimenoa mpaka leo."

Akasimama. Sikumsaidia, maana hakutaka. Akamchukua mtoto kutoka kwa Qaunaq, akamtia ndani ya shati lake, ngozi kwa ngozi, akainamisha mdomo sikioni mwake. Mwenye jina huitwa taratibu, lakini Baba hasikii vizuri na hajui kunong'ona, kwa hiyo tulisikia sote.

"Tulugaq. Mwanangu. Ingia ndani, nje kuna baridi."

Mtoto aliacha kulia katikati ya sauti. Alitoa pumzi moja ndefu, ndefu kuliko mapafu yale madogo. Qaunaq akampa ziwa, akalishika, akanyonya kwa kelele kama mtu aliyetembea siku nyingi. Baba aliketi kwenye kiti chake akalia bila kujifunika uso. Nami nikalia. Upepo haukupungua hata kidogo.

15 Desemba

Dhoruba. Amenyonya mara tisa. Siasi alifika akishika kamba tuliyofunga kati ya nyumba, akatazama mara moja, akamwambia mtoto, "Umekawia, wewe," kisha akauliza kama kuna chai.

17 Desemba

Ndege imekuja. Nesi amempima, ameongezeka, hawaendi popote. Nesi anasema ni yale matone ya bomba. Nimemshukuru.

Qaunaq sasa anambadilisha nepi mjomba wake na kumlalamikia kwa heshima zote. Mimi namwita kaka. Ulimi ulisita mara ya kwanza tu.

20 Desemba

Nimerudi shuleni kumaliza kaseti ya kumi na nne, ili niifunge nisiiguse tena. Kimya ni sekunde tisa, kama siku ya kwanza. Nimeandika chini ya swali: *Anainua nyusi. Aliyeshuhudia ni mwandishi.* Mchakacho wangu upo, dhaifu.

Tupa haipo. Nimesikiliza mara sita. Mama anatania, Masikio anauliza, uzi unachakacha, na mahali pa tupa pako safi, kama pa mtu aliyeweka kazi chini. Aipili anasema kaseti za zamani hufutika kidogo kidogo ukizirudia mno. Nikamuuliza kwa nini ifutike tupa peke yake. Safari hii hata mabega hakuinua.

1 Januari

Samaki, chai, wageni. Kaka yangu amemkojolea Aipili.

9 Januari

Kaseti ya kumi na tisa. Maswali na kimya. Sina haraka nacho tena. Nawaendea watoto wa waliosema, nawauliza kama kuna aliyekuwa nyuma ya jiko.

16 Januari

Jua limerudi.

Saa sita na robo kijiji kizima kilikuwa mlimani nyuma ya matangi ya mafuta. Lilichungulia, ukingo tu, mwekundu. Tulilichekea nusu uso, upande mmoja umecheka na mwingine umenuna, kama inavyopasa, kwa sababu jua limekuja lakini baridi haijaondoka. Qaunaq ameshafunga uzi wake na kuuweka.

Baba alisema atambeba mtoto mwenyewe. Alimtoa kwenye mfuko wa mgongoni wa koti la Qaunaq, akamgeuza wakatazamana. Nilikuwa nimesimama karibu, kumshika mkono asiteleze, ndiyo maana niliona. Watu wengine walikuwa wanatazama jua.

"Mwanangu," Baba akasema, "siku ile uliondoka umenikasirikia?"

Mtoto akamtazama sawasawa, akakunja pua.

Najua. Jua lilikuwa machoni mwake, na mtoto wa miezi miwili hukunja pua kwa mwanga, kwa baridi, kwa gesi ya tumbo. Nimelea, sihitaji nesi aniambie. Baba alimrudisha kwenye mfuko, akamfunika kofia, akanishika mkono tukashuka.

Mimi naandika nilichokiona. Alikunja pua.